Kungoja na Kusubiri: Dua, Jibu na Shukrani katika Maandishi ya Kisauni, 1844–1934

Historia ya fasihi ya Mombasa imezoeleka kusimuliwa kutoka kisiwani. Kisiwani ndiko alikotungia Muyaka bin Haji, ndiko iliko Ngome ya Yesu, na ndiko tenzi zilikonakiliwa na kusomwa barazani. Bara ya Mombasa, yaani Kisauni upande wa kaskazini, Changamwe upande wa magharibi na Likoni upande wa kusini, hutajwa kwa nadra tu, kama mashamba yaliyowalisha watu wa mjini au kama kivuko cha kuelekea kwingine. Makala haya yanavuka maji na kutua Kisauni, kwa sababu huko kulizuka mkusanyiko wa maandishi ambao haujapewa uzito unaostahili: barua za wamisionari, kumbukumbu za makazi ya watumwa waliokombolewa, na hatimaye kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa na mwana wa makazi hayo. Maandishi haya yana lugha mbalimbali na nia mbalimbali, lakini yote yanazunguka jambo moja, nalo ni dua iliyochelewa kujibiwa. Swali linaloulizwa hapa si kama Mungu hujibu dua; hilo ni la wanatheolojia. Swali la mhakiki ni jingine: katika maandishi haya, ni nani aliyeomba, ni nani aliyengoja, na ni nani aliyepata kalamu ya kuandika kwamba jibu limefika?

Kabla ya kuyagusa maandishi yenyewe, inafaa kuitazama lugha. Kiswahili hakina neno moja tu kwa hali ya mtu aliyekwisha kuomba na bado hajapata. Kuna kungoja, neno la Kibantu, ambalo halina hukumu ndani yake: mtu hungoja mashua, hungoja mgeni, hungoja mvua. Kuna kusubiri, lenye asili ya Kiarabu, ambalo katika matumizi ya siku hizi limekaribiana mno na kungoja, lakini katika Kiswahili cha zamani lilibeba maana ya kustahimili machungu bila ya kulalamika. Anayengoja anatazama njia. Anayesubiri anautazama moyo wake. Kisha kuna tawakali, yaani kumwachia Mungu jambo baada ya mtu kufanya lililo juu yake. Mipaka baina ya maneno haya matatu si ya kudumu, na ugomvi mwingi utakaoelezwa katika makala haya unatokana na kuvuka mipaka hiyo.

Mafundisho ya Kiislamu, ambayo ndiyo yaliyoilea lugha hii ya pwani, yameliweka jambo wazi kabisa. Kurani inaifungamanisha subira na sala katika agizo moja. Hadithi za Mtume nazo zinaeleza kwamba dua ya mja hukubaliwa madhali hana pupa, na kwamba jibu huweza kuja kwa njia tatu: kupewa alichoomba, kuondolewa shari iliyokuwa ikimjia, au kuwekewa akiba akhera. Kwa hiyo katika mawazo haya hakuna dua iliyopotea. Kuna dua ambayo jibu lake halijatambulikana. Methali za pwani zinasema vivyo hivyo kwa ufupi zaidi: subira huvuta heri, subira ni ufunguo wa faraja. Watafsiri wa Biblia, walipofika baadaye, walikuta uwanja umekwisha kulimwa. Katika tafsiri ya Muungano iliyokamilishwa mwaka wa 1952, fadhila ya moyo imepewa jina la saburi, ndugu yake subira, lakini kitendo cha mwenye kuomba katika Zaburi kimeachiwa neno la Kibantu: ni kumngoja Bwana. Kwa uchaguzi huo, Mungu anangojwa kama mtu aliye njiani.

Julai 1844 ndipo maandishi ya Kisauni yanapoanzia. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS, alikuwa amefika Mombasa mwaka huohuo pamoja na mkewe, Rosina. Nyuma yao walikuwa wameacha kaburi jingine. Walipokuwa wakitoka Ethiopia walizaliwa mtoto njiani akafa, nao wakamwita Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi. Mjini Mombasa Rosina alijifungua mtoto wa kike, na homa ikawashika wote. Rosina alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Kwa matakwa yake mwenyewe alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, ili Waswahili na Wamijikenda wapitao njiani walione kaburi na kukumbuka yaliyowaleta wageni hao. Krapf, naye akiwa mgonjwa, aliwaandikia wakuu wake London kwamba kaburi hilo la upweke lilikuwa dalili ya kuanza kwa kazi, wala si dalili ya kushindwa.

Barua hiyo imenukuliwa mara nyingi sana katika vitabu vya misheni hata imepoteza makali yake, na wengi huisoma kama ushujaa. Ikisomwa kama fasihi, inaonyesha jambo jingine. Ni barua ya mtu ambaye hana jibu lolote mkononi na ambaye analigeuza kaburi kuwa maandishi. Rosina mwenyewe ndiye aliyeanza: alipochagua bara badala ya kisiwa, alikuwa akichagua wasomaji. Kaburi ni ujumbe kwa wapita njia. Barua ni ujumbe kwa London. Kati ya wasomaji hao wa aina mbili, wa London waliuelewa mara moja. Wapita njia wa Kisauni waliona kaburi la mwanamke wa Kizungu, na walichofikiri hakikuandikwa popote. Kasoro hii inajirudia katika kila hatua ya historia inayofuata.

Krapf hakuwa mtu wa kungoja amekunja mikono. Kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhyiddin, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na sura tatu za kwanza zikachapishwa Marekani mwaka wa 1847. (Si jambo dogo kwamba maneno ya kwanza ya Biblia ya Kiswahili yalipitia kinywani mwa kadhi wa Kiislamu, historia ya ushirikiano huo bado inastahili makala yake pekee.) Alikusanya miswada ya tenzi na kuipeleka Ujerumani. Aliota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Afya yake ilimshinda, akaondoka Mombasa mwaka wa 1853, na ingawa alirudi kwa muda katika miaka iliyofuata, mlolongo ule hakuuona. Alikufa Korntal, Ujerumani, Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka uliofuata.

Aliyebaki ni Johannes Rebmann. Huyu aliwasili mwaka wa 1846 na kuishi Rabai, mwendo mfupi kutoka Kisauni, kwa muda wa miaka 29. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, aliyekuwa kiwete, alibatizwa mwaka wa 1851 akiwa karibu na kufa. Waliomfuata walikuwa wachache mno. Mwaka wa 1873, Sir Bartle Frere alipopita pwani akiwa mjumbe wa serikali ya Uingereza juu ya biashara ya watumwa, alimkuta Rebmann karibu amekuwa kipofu, akishughulika na kamusi zake. Aliondoka mwaka wa 1875, akafariki mwaka uliofuata. Kama kuna mtu katika historia hii ambaye neno subira linamfaa kwa maana yake ya kale, basi ni Rebmann. Na huenda ndiyo sababu maandishi ya misheni hayampendi sana. Krapf anasimuliwa kwa fahari, Rebmann kwa huruma. Subira isiyo na jibu haina mwisho mzuri wa hadithi, na msimulizi anayetaka kuwatia watu moyo huiepuka.

Jibu, kwa mujibu wa maandishi hayo, lilikuja mwaka huohuo alioondoka Rebmann. Mkataba uliotiwa saini na Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873 ulikuwa umepiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi, na watu waliotolewa humo walihitaji mahali pa kuishi. William Salter Price, ambaye awali alikuwa na kituo cha Waafrika waliokombolewa huko Nasik, India, alifika Mombasa mwishoni mwa 1874, akanunua ardhi Kisauni, na makazi yakaitwa Freretown kwa jina la Frere. Mamia ya watu waliteremshwa pale katika mwaka wa kwanza: Wayao, Wamakua, watu wa ziwa Nyasa na wengineo. Pamoja nao walikuwapo Waafrika wa Bombay, yaani wale waliokombolewa zamani na kusomeshwa Nasik, ambao baadhi yao, kama William Jones na Ishmael Semler, walikuwa wamefika Mombasa tangu 1864.

Kwa hadhira ya Uingereza lililotokea lilikuwa wazi. Kaburi la 1844 lilipandwa kama mbegu, na baada ya miaka 31, karibu na kaburi lilelile, mavuno yakateremshwa kutoka majahazini. Ni usimulizi mzuri, na kwa kiasi fulani ni wa haki. Lakini una tatizo la kimsingi. Krapf na mkewe waliomba nchi igeuke. Hawakuomba majahazi ya mateka. Walioomba kutolewa utumwani ni wengine. Je, hao waliomba nini, na kwa nani?

Hapa lugha inatoa ushahidi ambao maandishi ya misheni hayakuutilia maanani. Wayao humwita Mungu Mulungu. Wanyanja humwita Mulungu. Wamijikenda wa Rabai na wa viunga vya Kisauni nao humwita Mulungu, na Mungu wa Kiswahili ni jina lilelile lililofupishwa ulimini. Mtu aliyetekwa karibu na ziwa Nyasa, akatembezwa hadi pwani, akapakiwa jahazini na kuteremshwa Kisauni, alikuwa amepoteza jamaa, nchi na mara nyingi hata jina lake. Lakini jina la Mungu alilikuta likimngoja ufukweni. Kusema kwamba watu hawa walijifunza kuomba Freretown ni kosa. Walichojifunza Freretown ni kuomba kwa Kiswahili, pamoja, kwa wakati uliopangwa na kengele.

Kengele hiyo inastahili kuzungumziwa kidogo. Imetundikwa katika tao lake hadi leo, na mtaa mzima umechukua jina lake, Kengeleni. Kumbukumbu za wenyeji zinasema ilikuwa ikilia kwa sababu mbili: kuwaita watu na kuwaonya kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakuja. Sauti moja, maana mbili. Aliyeisikia alfajiri alipaswa kutambua kama anaitwa kupiga magoti au kushika silaha. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuyavamia makazi kwa sababu watoro walikuwa wakikimbilia huko, na jamii ya watoro ya Fuladoyo, iliyokuwa bara zaidi na iliyoongozwa na Wakristo Waafrika, ilivunjwa mwaka wa 1883 na kiongozi wake, David Koi, akauawa. Katika mazingira kama hayo, kusubiri hakukuwa na utulivu wowote. Kulikuwa ni kukesha.

Wala hatari haikutoka nje peke yake. Mwaka wa 1881 ulifanywa uchunguzi juu ya msimamizi wa Freretown, J. R. Streeter, kwa ajili ya viboko na adhabu alizowapa wakazi. Price ilibidi arudi kutoka Uingereza ili kutengeneza mambo. Tukio hili kwa kawaida hutengewa aya moja katika historia ya misheni, kama doa lililofutwa. Kwa suala linalojadiliwa hapa, uzito wake ni mkubwa zaidi. Mtu aliyeokolewa jahazini, akaambiwa kwamba wokovu wake ni jibu la Mungu, kisha akachapwa viboko na wale walioletwa na jibu hilo, alikuwa na kazi ngumu ya kufasiri. Ama lile halikuwa jibu, ama jibu lilikuwa halijakamilika na kungoja kunaendelea. Wengi wao, inavyoonekana, walishika la pili. Waliendelea kukaa, kuoa, kubatizwa na kujenga.

Hata hivyo, mtihani mkubwa ulikuwa wa watoro. Manowari ilipomkamata mtumwa baharini, uhuru wake ulikuwa halali, umesajiliwa, na ukiweza kusimuliwa kanisani. Mtumwa aliyejitoa mwenyewe, akakimbia shamba usiku na kufika Rabai au Kisauni, alikuwa tatizo la kisheria. Bara ya Mombasa ilikuwa chini ya Sultani, utumwa wenyewe ulikuwa bado halali, na wamisionari waliagizwa wasiwapokee watoro. Yaani dua ya yule wa kwanza ilijibiwa. Ya huyu wa pili, ambaye huenda aliomba maneno yaleyale, iliambiwa irudi kwa bwana wake. Hakuna hoja ya kitheolojia iliyoweza kueleza tofauti hiyo, na waliokuwako walilijua hilo.

William Jones alilijua kuliko wengi. Alikuwa yeye mwenyewe mtumwa aliyekombolewa. Alikuwa ametiwa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka wa 1885, akasafiri naye kuelekea Buganda, na ndiye aliyeachwa kwa Sundu, mahali panapoitwa sasa Mumias, pamoja na sehemu kubwa ya msafara, wakati askofu alipotangulia na watu wachache. Jones alingoja huko majuma mengi. Habari zilipofika zilikuwa za kifo: Hannington alikuwa ameuawa Busoga mwezi wa Oktoba. Februari 1886 msafara uliobaki uliingia Rabai ukibeba bendera iliyoandikwa Ikabodi, jina la Kiebrania linalotangaza kwamba utukufu umeondoka. Mtu huyu, aliyejua maana ya kungoja na kupata jibu la namna hiyo, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kanisa la Rabai wakati watoro walipokuwa wakiongezeka huko kwa mamia, na hakuwafukuza. Hakutangaza wala hakuandika risala juu ya haki; aliwaacha wakae, walime, wasali.

Mwaka wa 1888 mambo hayakuweza kufichika tena. Price alirudi kwa mara ya tatu, na George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imeanza kutawala pwani alipatana na wenye watumwa kuwalipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889, watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru. Price aliyaeleza mambo hayo katika kitabu chake kilichotoka 1890, na maelezo yake yana furaha ya kweli. Lakini msomaji makini ataona jinsi sarufi ya tukio ilivyobadilika. Katika maelezo, uhuru *unatolewa*: na kampuni, na misheni, na Mungu. Ukweli ni kwamba watu hao walikuwa wamekwisha kujitoa. Hati ilithibitisha safari waliyoifanya kwa miguu yao wenyewe usiku. Kama kuna mahali katika historia ya Kisauni na Rabai ambapo tawakali inaonekana kwa maana yake kamili, yaani kumtegemea Mungu baada ya mtu kufunga ngamia wake, ni kwa watoro hawa.

Na hawa ndio ambao hawakuandika. Kitabu cha kwanza cha Kiswahili kilichotokana na jamii ya waliokombolewa kilitungwa na James Mbotela, mwana wa Freretown wa asili ya Kiyao, nacho ni *Uhuru wa Watumwa*, kilichochapishwa na Sheldon Press, London, mwaka wa 1934. Kinaanzia mbali, katika vijiji vya bara vilivyoshambuliwa, kinapitia njia ya kwenda pwani, kuuzwa, jahazi, na kukamatwa kwa jahazi na meli ya Kiingereza, hadi kufika Freretown na maisha ya huko. Mwandishi anategemea masimulizi ya wazee wa ukoo wake na wa makazi yale. Wahakiki wamekitaja mara nyingi kama mojawapo ya hatua za mwanzo za riwaya ya Kiswahili, kisha wakakikemea kwa kuwatukuza Waingereza. Kukemea huko kuna msingi. Shukrani za kitabu hiki kwa Waingereza ni nyingi, na msomaji wa baada ya uhuru wa 1963 huona haya kwa niaba ya mwandishi.

Lakini lawama hiyo imeishia kwenye itikadi na kusahau muundo. *Uhuru wa Watumwa* hakijengwi kama riwaya ya Kizungu wala kama ripoti ya misheni. Kimejengwa kwa mfuatano ambao kila msikilizaji wa pwani aliujua: dhiki, kilio, kungoja, faraja, shukrani. Ndio mfuatano wa kisa cha Nabii Ayubu, ambacho tenzi yake ilikuwa ikisomwa pwani na ambayo Alice Werner aliichapisha kwa sehemu kati ya 1921 na 1923. Ayubu anapoteza mali, watoto na afya, anasubiri, anarudishiwa. Kisa hicho ni cha Waislamu na Wakristo pamoja, na hakuna mtu wa Mombasa aliyehitaji kukifunzwa. Mbotela, awe alikusudia au hakukusudia, aliwaweka mababa zake mahali pa Ayubu. Hilo si jambo dogo kwa jamii ambayo majirani zake waungwana waliitazama kama watu wasio na nasaba. Kumpa mtumwa subira ni kumpa heshima ya nabii; ni kusema kwamba miaka yake ya minyororo ilikuwa na maana mbele ya Mungu, haikuwa bahati mbaya tu ya mtu duni.

Tatizo linajitokeza katika kipengele cha mwisho cha mfuatano huo. Katika kisa cha Ayubu, anayejibu na anayeshukuriwa ni mmoja. Katika kitabu cha Mbotela wapo wawili, Mungu na Mwingereza, na usimulizi hauna nafasi ya kuwatenganisha, kwa kuwa meli iliyolikamata jahazi ilikuwa na bendera. Shukrani iliyotakiwa ipande mbinguni inapita kwanza sitahani mwa manowari, na sehemu yake hubaki hapo. Hapo ndipo udhaifu wa kitabu ulipo. Mwandishi hakuwa msaliti, wala hakukosa kuona dhuluma. Alirithi muundo wa dua unaodai jibu lenye uso, na uso uliokuwapo ulikuwa huo. Wahakiki waliomtaka awe na uchungu zaidi walikuwa wakimtaka aandike kisa kingine, cha watoro wa Rabai, ambacho hakikuwa cha baba zake.

Inafaa kukisoma kitabu hiki sambamba na sauti iliyokuwa ikisikika ng'ambo, kisiwani, katika miaka hiyohiyo. Tangu 1931 Kisauni na kisiwa vilikuwa vimeunganishwa na daraja la kuelea la Nyali, lakini daraja la mawazo lilikuwa bado. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeishi kutoka 1891 hadi 1947, alitoa *Sahifa* mwaka wa 1930 na *Al-Islah* mwaka wa 1932, magazeti ya Kiswahili yaliyowahimiza Waislamu wa pwani kuamka usingizini, kusomesha watoto na kuacha uvivu unaojificha nyuma ya dini. Kwake yeye, unyonge wa Waislamu chini ya ukoloni haukuwa qadari ya kustahimiliwa tu. Ulikuwa matokeo ya kuacha wajibu, na dua ya mtu aliyeacha wajibu wake haina miguu. Kwa hiyo mwaka wa 1934 Mombasa ilikuwa na waandishi wawili wa Kiswahili, mmoja upande huu wa maji na mwingine upande ule, ambao hawakuandikiana wala kujibizana. Mmoja, mjukuu wa utumwa, aliandika kwamba jibu limekwisha kufika na kilichobaki ni shukrani. Mwingine, wa ukoo uliowahi kuitawala Mombasa, aliandika kwamba mambo yamepotea na kilichobaki ni kazi. Kila mmoja alikuwa na sababu zake katika historia ya jamaa zake, na msomaji anayetaka kumchagua mmoja wao amshinde mwenzake atakuwa amesahau kuuliza ni nani aliyepanda jahazi lipi.

Kungoja kwenyewe, kwa yakini, hakukwisha kwa kuchapishwa kitabu. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka wa 1907, miaka 32 baada ya kuanzishwa Freretown. Wapo waliozeeka wakiwa watumwa huku wakisikia kengele ya Kisauni ikilia. Kizazi cha Freretown kilitoa makarani, walimu na watu wa sauti; mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa huko mwaka wa 1940 na kufariki mwaka wa 2025, alikuwa mwana wa mwandishi huyu, na waliomsikiliza redioni akiuliza kila juma kama jambo fulani ni ungwana huenda hawakutambua uzito wa neno hilo kinywani mwa mjukuu wa mtumwa. Mwungwana, katika Kiswahili cha kale, ni kinyume cha mtumwa.

Neno la jina la kitabu nalo halikutulia. Mwaka wa 1934, uhuru ulimaanisha kutoka utumwani: hali ya mtu mmoja mmoja, yenye hati na tarehe. Tafsiri ya Kiingereza ya *Uhuru wa Watumwa* ilichapishwa na Evans Brothers mwaka wa 1956, Kenya ikiwa katika hali ya hatari, na kufikia hapo neno hilohilo lilikuwa likitamkwa kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi kwa maana nyingine kabisa. Msomaji wa mwaka huo aliyekishika kitabu cha Kiswahili na kusoma jalada lake alikuta neno ambalo kwa mwandishi lilikuwa limekwisha kujibiwa, na ambalo kwake yeye lilikuwa bado linaombwa.